Ushabiki wa hadithi za kisayansi na wanafunzi wanaobaki nyuma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninafundisha fizikia na hisabati katika shule ya sekondari ya kutwa huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na kila Ijumaa mchana ninasimamia chama cha wanafunzi wanaopenda hadithi za kisayansi. Maswali haya nimeulizwa na walimu wenzangu kwenye semina, katika chumba cha walimu na kwa simu, mengine kwa nia ya kujifunza na mengine, nisiseme uongo, kwa kejeli. Yote nimeyajibu kwa uzito uleule.

Hadithi za kisayansi ni zipi, na ushabiki unaingiaje?

Hadithi ya kisayansi huanza na "ingekuwaje kama": ingekuwaje kama mashine ingeweza kufikiri, kama ugonjwa usiojulikana ungetoka msituni, kama watu wangehamia Mirihi. Inatofautiana na hekaya za majini kwa kuwa mtunzi wake anawajibika kueleza jambo hilo linawezekanaje. Jini hahitaji mafuta, lakini chombo cha angani kinayahitaji, na msikilizaji ana haki ya kuuliza yametoka wapi.

Ushabiki ni kile kinachofuata hadithi ikishakwisha. Mtazamaji wa kawaida huinuka akaenda zake. Shabiki hubaki akibishana, huchora vyombo alivyoviona, humsaka mtunzi makosa na hubuni sehemu ambayo haikuonyeshwa. Mkutano wa kwanza wa dunia wa mashabiki hawa ulifanyika New York mwaka 1939, na mwaka 1976 barua zao, zilizofika Ikulu ya Marekani kwa maelfu, zilichangia uamuzi wa Rais Gerald Ford wa kukipa chombo cha kwanza cha mpango mpya wa anga wa nchi hiyo jina la Enterprise, ambalo lilikuwa jina la chombo cha kubuniwa katika tamthilia ya televisheni waliyoipenda. Hapa kwetu ushabiki umelelewa katika vibanda vya video, ambako VJ huketi na maikrofoni akiitafsiri filamu kwa Kiganda papo hapo huku akiitia utani wake mwenyewe, na siku hizi unaendelea kwenye kadi za memori zinazopita kutoka simu moja hadi nyingine. Wanafunzi wetu ni mashabiki tayari, ila kila asubuhi huuacha ushabiki huo getini.

Kwa nini jambo hili limsaidie mwanafunzi ambaye hata kitabu cha kiada hakimwingii?

Nitajibu kwa kisa cha kijana mmoja wa kidato cha 2. Kwa mihula miwili alama zake za fizikia hazikuvuka 20 kwa 100. Aliketi karibu na dirisha, na nilipomwuliza swali alitabasamu akatazama viatu vyake hadi nimgeukie mwingine. Siku moja wakati wa mapumziko nilimkuta chini ya mwembe akiwagombeza wenzake watatu. Katika filamu waliyoiona, chombo kilizimwa injini kikasimama hapohapo angani, naye alishikilia kwamba huo ni upuuzi, kwa sababu kule juu hakuna hewa wala barabara ya kukikamata, kwa hiyo kingeendelea kwenda tu mpaka kigonge kitu au kivutwe na kitu. Alikuwa akiifafanua kanuni ya kwanza ya Newton, na kwa lugha nzuri kuliko yangu. Wiki mbili kabla ya siku hiyo niliiuliza kanuni hiyohiyo kwenye jaribio, naye akaacha nafasi tupu.

Akili alikuwa nayo. Hakuamini tu kwamba mawazo yake yana nafasi darasani. Hali hii ilienea sana baada ya shule zetu kufungwa Machi 2020 na kutofunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Wengi waliorudi walikuwa wamesahau walichokijua na wamezidi umri wa madarasa yao, na wengine walikuwa wamezoea kufyatua matofali na kushika fedha zao wenyewe. Aibu yao ilikuwa kubwa kuliko ujinga wao. Katika mjadala kuhusu chombo cha angani, mtu wa namna hiyo hajaachwa nyuma na yeyote, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufundishwa somo hilo.

Walimu wengi huuchukulia ushabiki kama sukari ya kupakia dawa chungu: dakika tano za filamu, kisha turudi kwenye mateso. Mimi ninauona kama mahali ambapo mwanafunzi tayari anahoji, anakisia na kutetea hoja, na kazi yangu ni kumfikisha kutoka hapo hadi kwenye daftari bila kumzima njiani. Majibu yote yanayofuata yanatokana na imani hiyo moja.

Filamu hizi zimejaa uongo. Je, hatuwapotoshi watoto?

Uongo wao ndio mtaji wetu. Filamu ikisema kweli tupu sina la kufundisha. Ikidanganya, ninaandika ubaoni "Kamata mwongo" na darasa zima linaamka. Mlipuko unaosikika angani, mahali ambapo hakuna hewa ya kubeba sauti, ni somo zima la mawimbi. Watu wanaotembea kwa kawaida juu ya Mwezi, ambako uzito ni takriban sehemu moja ya sita ya uzito wa hapa, ni somo la tofauti kati ya uzito na tungamo (kiasi cha maada kilichomo katika kitu), ambayo huwatesa watahiniwa kila mwaka.

Uongo ninaoupenda kuliko wote ni ule wa mtu aliyeko Mirihi kuzungumza na Dunia ana kwa ana kwenye skrini. Mwanga na mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 hivi kwa sekunde. Mirihi ikiwa karibu nasi kabisa iko umbali wa kilomita milioni 55 hivi, na ikiwa mbali sana hufika karibu milioni 400. Wanafunzi hugawanya wenyewe na kupata takriban dakika 3 kwa umbali wa kwanza na dakika 22 kwa ule wa pili, kwenda tu, kabla ya jibu kurudi.

Hesabu hiyo tuliichezea uwanjani. Tuliweka "Dunia" kwenye goli moja na "Mirihi" kwenye goli la pili, na katikati tukaweka tarishi mwenye amri ya kukaa na kila karatasi dakika tatu kamili kabla ya kuifikisha, huku msichana mmoja akishika saa. Mirihi iliandika: "Chumba cha hewa kinaungua, tufanye nini?" Karatasi ikasubiri dakika zake tatu. Dunia ilijibu: "Chumba kipi?" Kufikia wakati swali hilo linafika Mirihi, dakika sita na ushei zilikuwa zimepita, na vijana wa Mirihi walikuwa wamelala chali kwenye nyasi wakijifanya wafu, huku wenzao wakicheka hadi kutoa machozi. Ndipo mmoja wa waliokufa akainua kichwa akauliza: "Mwalimu, sasa yale magari yaliyoko Mirihi yanaendeshwaje?" Nilimjibu kwamba hupelekewa maagizo ya kazi, kisha sehemu kubwa ya njia huitafuta yenyewe na kukwepa mawe bila kusubiri kuambiwa, kwa sababu hiihii. Sijapata tena kipindi ambacho maelezo ya kasi, umbali na wakati yalihitaji maneno machache namna ile.

Je, njia hii ni ya fizikia tu?

Hapana, na baadhi ya vipindi bora nilivyoviona havikuwa vyangu.

Katika biolojia na hisabati kuna swali la sisimizi mkubwa kama nyumba, ambaye hupendwa sana na watengenezaji wa filamu. Nunua mche wa sabuni ya kufulia na uukate vipande vya mchemraba vinavyolingana. Kipande kimoja kina upande wa urefu wa 1. Ukitaka mchemraba wenye upande wa 2 utahitaji vipande 8, na wenye upande wa 3 utahitaji 27, ilhali eneo la uso wa chini unaobeba mzigo limetoka 1 likawa 4, kisha 9. Mwanafunzi aliyeshika sabuni mkononi haambiwi tena kwamba ujazo hukua haraka kuliko eneo; anauona. Sisimizi akikuzwa mara 100 kwa kila upande, uzito wake huongezeka mara 1,000,000 lakini eneo la mkato wa miguu yake huongezeka mara 10,000 tu, kwa hiyo kila sehemu ya mguu inabeba mzigo mara 100 zaidi ya awali, na mguu utavunjika kabla hajamla mtu yeyote. Mwalimu wa biolojia huendelea hapo na mirija midogo ambayo wadudu huitumia kupumua, ambayo haiwezi kumfikishia hewa ya kutosha mdudu wa ukubwa huo. Sabuni haipotei, hurudi jikoni ikiwa na kona kali kidogo.

Katika hisabati na jiografia tunatumia ikweta, ambayo Waganda wengi wameipigia picha pale Kayabwe kwenye barabara ya Masaka bila kujua kwamba kuna faida ndani yake. Mzingo wa dunia kwenye ikweta ni kilomita 40,075; ugawe kwa saa 24 na utaona kwamba mtu aliyesimama pale anakwenda mashariki kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki hupewa kasi hiyo bure. Ndiyo sababu mojawapo Waitalia walijenga jukwaa la kurushia roketi baharini karibu na Malindi, digrii 3 hivi kusini mwa ikweta, nasi huku tuko digrii 3 hivi kaskazini. Wanafunzi wangu waliposikia hivyo walianza mara moja kuchagua kilima cha kujengea kituo chetu.

Katika Kiswahili, mwenzangu anayelifundisha somo hilo huonyesha kipande cha filamu bila sauti na kumpa mwanafunzi nafasi ya kuwa VJ kwa Kiswahili sanifu. Siku moja VJ alisema "roboti inakimbia", na nusu ya darasa ikapiga kelele kwamba ni "roboti anakimbia". Upande mmoja ulidai kwamba roboti ni mashine kama redio. Upande wa pili ulijibu kwamba redio haimlilii mwenyewe akifa, na roboti yule alilia. Mwalimu aliwakumbusha kwamba neno kifaru lina ki- mwanzoni, lakini tunasema kifaru amekimbia, kwa kuwa lugha huangalia uhai kabla ya umbo la neno. Mwanafunzi mmoja, ambaye kwa kawaida huandika sentensi tatu za insha na kuweka kalamu chini, akaleta neno maiti: wapo wanaosema maiti imezikwa na wapo wanaosema maiti amezikwa, je, hao wanakubaliana kuhusu uhai? Kengele ililia na hakuna aliyetoka. Tangu Baraza la Mawaziri lilipoamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, walimu wengi wamenilalamikia kwamba wanafunzi hawaoni lugha hii ni ya nini. Ninawashauri waanze na roboti.

Shule yangu haina projekta, umeme hukatika, na maktaba ni kabati moja.

Ya kwetu pia. Hadithi husimuliwa kwa mdomo, kama ilivyokuwa tangu zamani, na chaki inatosha kuchora chombo. Vipindi vyangu vitatu kati ya vinne havina filamu kabisa. Mwanafunzi aliyeiona husimulia, na aliyeona tofauti humkatiza.

Nina wanafunzi 90 darasani. Hili linawezekanaje?

Usianze na kipindi kizima. Anza na swali moja la Ijumaa lililoandikwa kwenye kona ya ubao, ambalo wanafunzi watakaa nalo hadi Jumatatu, kwa mfano: "Kama uzito wako Mirihi ni takriban asilimia 38 ya uzito wako wa hapa, utaruka juu kiasi gani, na utaanguka namna gani?" Jumatatu chukua majibu manne tu, na hakikisha mawili yametoka viti vya nyuma. Makundi yafuate baadaye, yasizidi watu sita, na katika kila kundi mwandishi asiwe yule anayeongoza darasani.

Inakubaliana vipi na mtaala mpya na mitihani ya UNEB, Baraza la Mitihani la Taifa la Uganda?

Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020, ambao kundi lake la kwanza lilifanya mtihani wa UCE, yaani wa kumaliza kidato cha 4, mwaka 2024, umejengwa juu ya umahiri. Mwanafunzi hupewa hali fulani ya maisha na kutakiwa kutumia alichojifunza kuitatua, hufanya miradi, na tathmini ya shuleni huchangia asilimia 20 ya matokeo, asilimia 80 ikitokana na mtihani wa mwisho. Hadithi ya kisayansi kwa asili yake ni hali iliyoelezwa ikisubiri utatuzi, kwa hiyo mwanafunzi aliyezoea kuuliza "ingekuwaje kama" hashtuki anapokutana na maswali ya namna hiyo.

Hata hivyo, niseme wazi jambo ambalo wapenzi wa njia hii hulikwepa. UNEB haitamwuliza mtoto wako kuhusu chombo cha angani, na maarifa hayahami yenyewe kutoka Mirihi hadi kwenye karatasi ya mtihani. Dakika kumi za mwisho za kila kipindi lazima ziwe za kuvuka daraja: kanuni ileile, swali la kawaida, daftarini, kimya. Baada ya mjadala wa chombo kisichosimama, ninauliza: bodaboda iliyobeba abiria ikifunga breki ghafla, abiria huelekea wapi, na kwa nini? Mwaka wa kwanza nilizipuuza dakika hizo kumi kwa sababu mjadala ulikuwa mtamu. Chama kilijaa na alama hazikusogea hata kidogo, na mkuu wa taaluma alikuwa na haki ya kuniuliza ninafanya nini na Ijumaa zangu.

Wasichana wanasema haya ni mambo ya wavulana.

Husema hivyo pale ambapo wavulana wamekalia viti vya mbele na kushika kalamu. Badilisha hilo kwanza. Kisha waeleze kuhusu Luteni Uhura, mhusika mweusi wa tamthilia ya Star Trek iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1966, ambaye jina lake limetokana na neno letu uhuru. Mtoto mmoja wa Chicago aliyemtazama alikuwa Mae Jemison, ambaye mwaka 1992 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani, na ambaye amesema hadharani kwamba Uhura alimtia hamasa. Neno hilohilo lilipewa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, iliyorushwa kutoka lile jukwaa la Malindi tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya. Nilipomaliza kueleza, msichana mmoja aliuliza kwa nini neno ni letu na setilaiti si yetu. Sikuwa na jibu fupi, na sikulitafuta.

Kwa uzoefu wangu, wasichana wengi katika chama chetu huvutwa na hadithi za magonjwa na virusi kuliko vita vya angani, na Uganda ina mengi ya kuwapa. Virusi vya Zika viligunduliwa mwaka 1947 katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, ambako taasisi ya utafiti wa virusi inafanya kazi hadi leo, na mlipuko wa Ebola wa Gulu mwaka 2000 bado unakumbukwa katika familia nyingi za kaskazini. Kwa sababu hiyo, mada hizi zishughulikiwe kwa staha. Kuna mtoto ambaye kwake hiyo si hadithi.

Wazazi na viongozi wa dini wanapinga. Niwaambie nini?

Waalike, waketishe, wasikilize kwanza. Baba mmoja, dereva wa lori kati ya Arua na Kampala, alikuja na hasira: "Mwalimu, mwanangu ananiambia tunakwenda kilomita elfu moja na mia sita kwa saa tukiwa tumekaa. Nani amemwingiza wazimu huu?" Nilimkaribisha kiti, nikamwomba mwanawe aandike hesabu mbele yake. Mzee aliifuata tarakimu kwa tarakimu, maana kilomita kwa saa ni lugha yake ya kila siku, kisha akauliza swali ambalo darasa zima halikuwa limeuliza: mbona hatuhisi upepo? Kijana alifikiri kidogo, akajibu kwamba hewa nayo inakwenda pamoja nasi, kama hewa iliyomo ndani ya kabini ya lori vioo vikiwa vimefungwa. Mzee alitikisa kichwa, akaaga kwa heshima, na tangu siku hiyo hajatupinga.

Lakini wazazi wana hoja moja ya haki kabisa. Vibanda vingi huonyesha usiku filamu zisizowafaa watoto, na wapo wanaotoroka shule ili wakae humo. Usimtume mwanafunzi kibandani kwa jina la kazi ya nyumbani. Chochote kitakachoonyeshwa shuleni kitazame wewe mwenyewe hadi mwisho kabla ya kukileta.

Je, zipo hadithi na habari za kwetu, au zote ni za ng'ambo?

Zipo. Dilman Dila, mwandishi na mtengenezaji filamu wa Uganda, amekuwa akiandika hadithi za namna hii kwa miaka mingi. Tunazo pia simulizi za kale ambazo si za kisayansi lakini hukubali kuulizwa maswali ya kisayansi. Katika simulizi ya Kiganda ya Kintu, Nambi anashuka kutoka kwa baba yake Ggulu aliyeko juu, na Kintu anajaribiwa kwa kutakiwa amtambue ng'ombe wake kati ya kundi, hadi nyuki anapomsaidia. Kundi moja liliandika upya kisa hicho nyuki akiwa kifaa cha kurukia chenye kamera. Mzee mmoja jirani na shule alichukia kidogo, kisha akaomba asomewe tena.

Habari za kweli nazo zina uzito wake. PearlAfricaSat-1, setilaiti ya kwanza ya Uganda, ilitengenezwa kwa ushiriki wa wahandisi watatu wa Uganda katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu nchini Japani, ikarushwa tarehe 7 Novemba 2022 kutoka Virginia, Marekani, na kuachiwa angani mwezi uliofuata kutoka kituo cha kimataifa cha anga. Ni mchemraba wa takriban sentimita 10 kila upande. Tengeneza mmoja kwa boksi la karatasi ngumu na uupitishe darasani kimya kimya. Wanafunzi hawaamini mpaka waushike.

Vyombo viwili vya Voyager, vilivyorushwa mwaka 1977, vimebeba sahani za shaba zilizopakwa dhahabu zenye salamu katika lugha 55, na mojawapo ni Kiganda. Kiswahili hakimo. Jambo hilo liliwauma wanafunzi wangu, ambao wengi ni Walugbara, Wakakwa na Waaluri, hata wakaomba kuandika salamu za lugha zao zote pamoja na Kiswahili. Ilikuwa insha ndefu kuliko zote nilizowahi kukusanya, na sikuwa nimeiagiza.

Mimi sijui lolote kuhusu hadithi hizi. Nianzeje?

Una bahati. Mwalimu asiyejua humpa mwanafunzi dhaifu nafasi adimu ya kumfundisha mkubwa wake. Wiki ya kwanza usifundishe. Uliza tu ni filamu gani iliwaudhi na kwa nini. Ukiuliza waliyoipenda utapata majina. Ukiuliza iliyowaudhi utapata hoja. Andika wanayosema kwa maneno yaoyao, kisha kaa na mtaala jioni uone ni hoja ipi inagusa mada ya wiki ijayo.

Umewahi kukosea wapi?

Mahali pengi. Kosa la kwanza lilikuwa kutoa mtihani kuhusu filamu yenyewe, nikiuliza majina ya wahusika na mfuatano wa matukio. Ijumaa iliyofuata waliokuja walikuwa tisa kutoka thelathini na wanne, kwa kuwa nilikuwa nimekichukua kitu chao nikakifanya changu. Kosa la pili lilikuwa kuwaacha mashabiki wakongwe wawacheke wapya waliochanganya majina ya sayari. Aibu ile niliyokuwa ninaikimbia darasani ikaingia kwa mlango wa nyuma.

Kosa la tatu bado linaniuma. Nilimzuia mvulana mmoja asihudhurie chama mpaka alama zake zipande, nikidhani ninamtia bidii. Alama hazikupanda, na muhula uliofuata hakurudi shuleni. Sijui kama mimi ndiye sababu, maana nyumbani kulikuwa na mengine. Lakini tangu hapo tuna kanuni iliyoandikwa ukutani: hakuna anayefukuzwa kwenye chama kwa sababu ya alama.

Nitajuaje kwamba inafanya kazi?

Alama huchelewa, kwa kawaida muhula mzima au zaidi. Kabla yake tazama majibu yasiyo sahihi: mwanafunzi aliyekuwa akiacha nafasi tupu akianza kuandika mistari minne yenye makosa, jambo limekwisha kuanza. Yule kijana wa mwembeni alipata 31, kisha 44. Hakuwa wa kwanza darasani, wala hakuwa na haja ya kuwa wa kwanza.

Na mwanafunzi asiyependa kabisa hadithi hizi?

Mwache. Wapo wa mpira, wapo wa kwaya, wapo wa kilimo, na kila mmoja ana mahali pake ambapo akili yake huamka. Msichana aliyeshika saa siku ile ya Mirihi aliniambia mapema kwamba mambo ya angani yanamchosha, na kwamba alikuja kwa sababu rafiki yake alikuja. Bado huja kila Ijumaa na bado hushika saa. Wiki iliyopita alinisimamisha kwenye korido kunijulisha kwamba tarishi alikuwa akidanganya sekunde kumi katika kila karatasi, na kwamba ameziandika zote.